Mahame: Wazee wa Mkuza na Historia ya Nyumba Zilizoachwa



1.0 Utangulizi

Mtu aliyekulia katika vijiji vya Kibaha au Kisarawe anaijua safari ya kwenda kuokota embe mahali pasipokaa watu. Njia ni nyembamba na nyasi zimeifunika, mara ghafla unatokea penye miembe mikubwa mitatu au minne, minazi michache iliyozeeka, na pengine mkwaju mmoja. Nyumba hakuna. Ukimwuliza mkubwa uliyefuatana naye, "Hapa ni kwa nani?" atakutajia jina la mtu aliyekwisha kufa. Yafaa kusikiliza vizuri namna anavyojibu. Hasemi "hapa palikuwa kwa fulani". Husema "hapa ni kwa fulani".

Kiswahili kina neno kwa mahali kama hapo: mahame, au kihame pakiwa padogo. Ni neno lililoundwa kutokana na kitenzi hama, nalo lina maana ya mahali palipokaliwa zamani na watu ambao sasa wamehama. Halifanani na gofu, kwa sababu gofu ni jengo lililobaki bila watu, lakini katika mahame aghalabu hata jengo halipo. Halifanani na pori pia, kwa sababu pori halina mwenyewe.

Mhadhara huu unahusu wazee walioyaacha mahame hayo katika eneo la Mkuza na jirani zake. Leo Mkuza ni jina la kata mojawapo ya mji wa Kibaha, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, katika sehemu ya nchi ya asili ya Wazaramo. Hoja yangu ni moja. Wazee waliohamishwa makwao katika miaka ya 1970 hawakupoteza nyumba tu. Walipoteza ushahidi wa maisha yao. Sehemu ya ushahidi huo imehifadhiwa katika lugha yao, katika vitenzi na majina ya mahali, kuliko ilivyohifadhiwa katika nyaraka zetu. Iwapo hivyo ndivyo, basi sisi wa taaluma za Kiswahili tuna wajibu ambao bado hatujautimiza.

2.0 Kaya kabla ya vijiji

Wazaramo wengi wa bara, mbali kidogo na pwani yenyewe, hawakuishi katika vijiji vilivyosongamana. Waliishi katika makazi yaliyotawanyika: nyumba chache za watu wa ukoo mmoja, zikizungukwa na mihogo, mpunga mabondeni, minazi, miembe, na baadaye mikorosho, zao lililoenea sana pwani katikati ya karne ya 20. Nyumba hizo zilikuwa za miti na udongo, zikiezekwa kwa makuti au nyasi. Nyumba ya namna hiyo haidumu sana. Mchwa hula miti, mvua hula udongo, na mwenyewe hujenga nyingine hatua chache kando ya ile ya kwanza.

Jambo hili limewapotosha wengi. Watawala wa kikoloni waliliona kuwa dalili ya watu wasio na makao maalumu. Baadaye maofisa wetu wenyewe walisema kwamba kumhamisha mtu kutoka kibanda cha udongo si kumtia hasara, maana kibanda hujengwa tena kwa majuma machache. Wote walitazama jengo. Lakini katika utaratibu huu wa maisha jengo ndilo lililokuwa jambo la kupita. Lililodumu ni kila kilicholizunguka: mti uliopandwa na babu, kisima, njia iendayo bondeni, mahali pa kupondea mpunga, na makaburi.

Katika lugha za bara la pwani, Kizaramo kikiwamo, neno kaya lina maana ya nyumbani kwa ujumla wake: watu, miti, ardhi na waliozikwa humo. Kiswahili sanifu nacho kinalo neno hilo, lakini kimelifinya. Leo tunalikuta katika fomu za sensa, ambamo kaya ni idadi ya watu wanaokula chungu kimoja chini ya mkuu wa kaya. Kaya ya sensa huhamishika kwa lori. Kaya ya wazee wa Uzaramo haihamishiki, kwa kuwa wengi wa wakazi wake wamo ardhini.

Aidha, mti haukuwa mti tu. Kanuni ya kimila inayojulikana sana katika sehemu zetu ni kwamba mtu aliyeazimwa shamba anaruhusiwa kulima mihogo na mahindi lakini haruhusiwi kupanda mti wa kudumu. Anayepanda mnazi au mwembe anatamka kwamba ardhi ni yake. Kwa hiyo safu ya miembe ilikuwa hati, nayo ilisomeka na kila mpita njia. Makaburi yalikuwa hati ya pili, iliyoonyesha kwamba ukoo ulikuwapo hapo vizazi vingapi. Ndiyo maana nasema kwamba kwa mzee wa Mkuza nyumbani palikuwa masijala yake. Hakuhitaji karatasi, mradi akae mahali pale na aweze kunyoosha kidole.

3.0 Amri ya mwaka 1973 na sarufi ya kuhama

Wazo la kuwakusanya watu vijijini halikuzuka ghafla. Mwalimu Nyerere alilieleza katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, aliandika kijitabu cha Ujamaa Vijijini, ambamo msisitizo ulikuwa juu ya hiari. Kusini mwa eneo letu, katika bonde la Rufiji, mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatiwa na operesheni ya kuwatoa watu bondeni na kuwaweka katika vijiji vya juu. Zilifuata operesheni za Dodoma na Kigoma. Kisha Septemba 1973 mkutano mkuu wa TANU uliamua kwamba wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976, na tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka 1975 ikapitishwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa. Kufikia mwaka 1977 serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 walioishi katika vijiji.

Nia ya operesheni hiyo isipotoshwe. Shule, zahanati na maji ya bomba haviwezi kupelekwa kwa kila kaya iliyotawanyika, na elimu ya msingi kwa wote iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977 ilitegemea kwa kiasi kikubwa kuwapo kwa vijiji. Baadhi ya wanaonisikiliza leo, pamoja na mimi, tulisoma kwa sababu hiyo. Mwalimu mwenyewe, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, hakuficha kwamba utekelezaji ulikuwa na makosa. Mhadhara huu hauna nia ya kuhukumu siasa ile. Una nia ya kuuliza nini kilitokea katika lugha.

Tuanze na kitenzi. Katika matangazo na ripoti za wakati ule, usemi uliotumika sana ni "kuhamia vijijini". Hapa mzizi ham- umepewa kauli ya kutendea, na mtenda ni mwananchi mwenyewe: wananchi wanahamia. Katika baadhi ya mikoa zoezi lilipewa jina la Operesheni Sogeza, na kusogea ni jambo dogo kabisa, kama mtu anayempisha mwenziwe kwenye mkeka. Sasa msikilize mzee akisimulia. Hasemi "tulipohamia". Husema "tulipohamishwa". Ameongeza kauli ya kutendesha na ya kutendwa, yaani viambishi viwili vifupi, na ndani ya viambishi hivyo mna lori, mgambo, na siku moja ya notisi au bila ya notisi. Mtenda hatajwi, kwa adabu au kwa hofu, lakini sarufi inamwonyesha kuwa yupo.

Tofauti hii kati ya kuhamia na kuhamishwa ndiyo tofauti kati ya jalada na kumbukumbu. Mwanahistoria atakayesoma majalada peke yake atakuta taifa zima limetembea kwa miguu yake. Mwanaisimu atakayesikiliza wazee atakuta sentensi hiyo hiyo imegeuzwa.

Lipo pia jambo la nomino. Kwa wazee wengi vijiji si mahali tu, ni wakati. "Kabla ya vijiji", "mwaka wa vijiji", "baada ya vijiji": ndivyo wanavyogawa maisha yao, kama wengine wanavyosema kabla na baada ya vita. Watoto walizaliwa kabla ya vijiji au baada yake. Neno lililokusudiwa kutaja makazi limekuwa kalenda.

4.0 Hasara isiyokuwamo katika daftari

Kwa nini niwatenge wazee, ilhali watu wa rika zote walihamishwa? Kwa sababu hasara haikuwa moja kwa rika zote. Kijana wa miaka 25 aliyehamishwa mwaka 1974 alipoteza nyumba na akajenga nyingine. Alipanda mnazi, mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka sita hadi minane kuzaa, naye akala nazi yake angali na nguvu. Mzee wa miaka 70 alipohamishwa, minazi yake yote yenye kuzaa ilibaki nyuma. Kupanda mwingine kulikuwa ni kuwapandia watu atakaowaacha, tena katika kiwanja kidogo alichopimiwa, kando ya jirani asiye wa ukoo wake. Na kwa kuwa miaka ile ya 1973 hadi 1975 ilikuwa pia miaka ya ukame na upungufu wa chakula nchini, kukosa miti na mashamba ya karibu halikuwa jambo la moyo peke yake. Lilikuwa la tumbo.

Hata hivyo hasara ya moyo ilikuwapo, nayo ina namna yake ya kufanya kazi. Kumbukumbu ya mzee haikai kichwani peke yake. Imegawanywa katika vitu vinavyomzunguka. Akiuona mkwaju anamkumbuka aliyeanguka kutoka juu yake. Akifika kisimani anakumbuka mwaka kilipokauka. Mzee asiyeona vizuri, nyumbani kwake huenda bondeni na kurudi bila ya fimbo, maana miguu inajua. Mpeleke mahali pageni, naye atahitaji mjukuu wa kumshika mkono. Watu humwona amezeeka ghafla. Kwa kweli kilichoondoka ni nusu ya akili yake iliyokuwa imehifadhiwa nje ya mwili wake.

Kiswahili kinalijua hili. Neno ukiwa hutumika kwa mahali palipoachwa bila ya watu, na mtu aliyeachwa peke yake huitwa mkiwa. Lugha imetumia mzizi mmoja kwa nyumba iliyohamwa na kwa mtu aliyebaki bila ya wenziwe, kana kwamba wasemaji wa kale walikwisha kuona kwamba hali hizo mbili ni moja. Tunalo pia neno kihoro, yaani huzuni ya kupotewa inayoweza kumwangusha mtu kitandani. Katika ripoti za operesheni tunaweza kukuta nyumba zilizobomolewa na ekari zilizopimwa. Kihoro hakikupata safu katika daftari.

Upande wa matambiko ulikuwa mzito zaidi. Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti wake maarufu miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960 na kuuchapisha mwaka 1970, ameonyesha jinsi uhusiano na wahenga, unyago wa wasichana na heshima ya ukoo wa mama vilivyofungamana na maisha ya kila siku. Mambo hayo yana mahali pake. Kaburi halisogezwi kwa operesheni. Sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi iliwapa wenye mamlaka utaratibu wa kuyaondoa makaburi pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma, lakini katika zoezi la vijiji ardhi ya zamani haikutakiwa kwa lolote. Ilitakiwa tu iachwe. Kwa hiyo walio hai walihama na wafu wakabaki. Mzee aliyekuwa akipita mbele ya kaburi la mama yake kila asubuhi akawa na safari ya saa nzima au zaidi ili kulifyeka. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ya wazee hawa ilikuwa imeachwa porini.

Inashangaza kwamba fasihi ilitangulia historia katika jambo hili. Marehemu Euphrase Kezilahabi, katika riwaya yake ya Gamba la Nyoka iliyotoka mwaka 1979, alithubutu kuliandika zoezi la kuwahamishia watu vijijini vumbi lake likiwa halijatulia. Wanahistoria walichukua muda mrefu zaidi, na walipoandika, wengi walipima uzalishaji na siasa. Pengine sababu ni hii: kuhamishwa na mgeni ni rahisi kusimulia. Wameru walipoondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na kisa chao kikaandikiwa kitabu. Mzee wa Uzaramo aliyehamishwa na serikali aliyoipigania angekwenda kushitaki wapi, na kwa lugha gani?

5.0 Mahame mbele ya mahakama

Swali hilo lilipata jibu lake, ingawa kwa kuchelewa, na kutoka mbali na Uzaramo. Mwaka 1943 familia moja ya Mbulumbulu, wakati huo katika Wilaya ya Mbulu, ilipata ardhi kwa taratibu za kimila. Katikati ya miaka ya 1970 ikaipoteza kwa Operesheni Vijiji. Mwaka 1987 baba na mwana, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walifungua shauri, wakashinda na kurejea katika ardhi yao. Mashauri ya namna hiyo yaliongezeka, hasa kaskazini, hata mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na operesheni na kuzuia mashauri hayo yasisikilizwe. Baba na mwana waliipinga sheria hiyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa bila ya fidia ya haki.

Wakati huo huo Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchini mwaka 1991 na 1992 kusikiliza wananchi. Kazi yake ilifuatwa na Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika Mei 2001. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Kwa maneno mengine, aliyepewa kiwanja wakati wa operesheni amehalalishiwa. Uamuzi huo una busara yake, kwa kuwa vizazi viwili vilikwisha kujenga juu ya ugawaji ule. Lakini tuuangalie kwa macho ya mzee: siku ile kuhamishwa kwake kuliacha kuwa tukio, kukawa sheria.

Hapa tunaona kwamba lugha mbili zilikuwa zikitumika juu ya kipande kimoja cha nchi. Katika lugha ya sheria, ardhi ile ilikuwa imegawiwa. Katika lugha ya mzee, pale ni kwa fulani. Sentensi hizo mbili zimeishi pamoja kwa nusu karne, na katika sehemu nyingi zimeishi kwa amani, kwa sababu mahame yalikuwa mbali na hakuna aliyeyataka.

6.0 Mji unapofika mahameni

Sasa yanatakiwa. Kibaha haipo tena kando ya mambo. Mwaka 1963 nchi za Skandinavia pamoja na Finland zilikubaliana na Tanganyika kuanzisha kituo kikubwa cha elimu, afya na kilimo hapo, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali na kuitwa Shirika la Elimu Kibaha. Baadaye mji ukawa makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Dar es Salaam nayo imepanuka kuifuata barabara, na kutoka Kiluvya mpaka Mlandizi nyumba zinafuatana. Upande wa kusini wa barabara, reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani tangu mwaka 1905 imepata mwenziwe: reli mpya ya kisasa, iliyoanza kujengwa mwaka 2017 na kubeba abiria mwaka 2024, yenye kituo Soga. Nyaya za umeme mkubwa zinapita juu ya miembe kuelekea Ubungo.

Wataalamu wa njia hizi za umeme, mabomba na reli wana neno lao kwa ukanda wa ardhi unaopaswa kubaki wazi: mkuza. Jina la Mkuza na neno hili yanalingana kwa sauti, na hoja yangu haihitaji asili moja. Natosheka na ukweli kwamba mzee wa Mkuza leo anaweza kuambiwa kwamba nyumba yake imo ndani ya mkuza, na kwamba kwa sababu hiyo ataondoka.

Tafadhalini mfanye hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1974 sasa amepita miaka 70. Yule tuliyesema kwamba alipata nguvu ya kujenga upya na kupanda mnazi wa pili, ndiye mzee wa leo. Mnazi wake wa kijijini sasa ni mrefu. Mkewe amezikwa karibu nao. Kile kilichokuwa kijiji cha amri kimekuwa kaya. Kwa hiyo anapohamishwa mara ya pili, anapoteza hasa kile alichopoteza babu yake, na safari hii naye ana umri ule ule.

Lugha ya safari hii ni tofauti. Haisemi kuhamia wala kusogea. Inasema kupisha: "wananchi watakaopisha mradi". Kupisha ni kitenzi cha adabu. Tunampisha mgeni mlangoni, tunampisha mkubwa njiani, na anayepisha hubaki alipo baada ya mwingine kupita. Huyu hatabaki. Upo pia msamiati wa fidia, ambao kwa haki ni hatua kubwa mbele ya mwaka 1974: thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, fidia ya upotevu wa faida. Mthamini hufika, huhesabu minazi na mikorosho mmoja mmoja, hupiga picha mwenye mali mbele ya mlango. Makaburi nayo yana utaratibu wake. Mzee hasemi kwamba hesabu ni mbovu. Malalamiko yake mara nyingi ni ya namna nyingine: kwamba alipoonyesha mahame ya babu yake kule porini, aliulizwa karatasi. Miti aliyoipanda yeye inalipwa. Miti ambayo ndiyo hati ya ukoo wake, ikiwa katika ardhi iliyogawiwa mtu mwingine, haina neno la kuitetea.

Na miembe ya mahame ikishakatwa ili kupima viwanja, hata ile sentensi ya "hapa ni kwa fulani" hupoteza pa kunyooshea kidole. Hapo ndipo mahame yanapokufa mara ya pili.

7.0 Hitimisho

Jirani zetu wametupa mfano. Katika pwani ya Kenya neno kaya, ndugu wa neno letu, ni jina la misitu ya Wamijikenda iliyozunguka makazi yao ya kale yenye ngome. Watu walitoka humo hatua kwa hatua, na kufikia miaka ya 1940 makazi hayo yalikuwa yameachwa. Kwa ufafanuzi wetu, kaya hizo ni mahame. Lakini wazee waliendelea kuyatunza kama mahali pa wahenga, dola ikayatambua, na mwaka 2008 misitu hiyo ya kaya ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sidai kwamba kila mwembe wa Kisarawe uwe urithi wa dunia. Nasema tu kwamba mahali palipohamwa panaweza kuwa na thamani inayotambuliwa na sheria, iwapo wenye lugha wataitaja kwa sauti.

Chuo nacho kina mfano wake wenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee walioishuhudia vita ya Maji Maji. Tangu vita ianze mwaka 1905 ilikuwa imepita miaka 63. Wale wazee walikuwa wachache na wengi wao dhaifu, lakini bila ya kazi ile tungekuwa na historia ya vita hiyo kama ilivyoandikwa na Wajerumani peke yao. Tangu operesheni ya vijiji imekwisha kupita zaidi ya nusu karne. Muda uliobaki kabla ya kufikia kipimo cha mwaka 1968 si mrefu, na aliyekuwa mtu mzima mwaka 1974 hatatungoja.

Ninapendekeza kazi tatu, zote zilizo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kukusanya majina ya mahame ya Uzaramo, moja moja, pamoja na jina la mwenyewe, miti iliyopo na makaburi, kabla ya pikipiki za wapima viwanja hazijafika. Pili, kurekodi masimulizi ya kuhamishwa kwa Kizaramo na kwa Kiswahili cha wazee, bila ya kuyasahihisha, ili viambishi vyao vibaki kama walivyovitamka. Tatu, kuyapa maneno mahame, kaya, ukiwa na kihoro nafasi inayostahili katika kamusi zetu, kwa maana pana na mifano itokanayo na matumizi haya, na si fasili ya mstari mmoja.

Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Wazee wa Mkuza hawakukataa kwao. Kwao ndiko kulikoondolewa chini ya miguu yao, wengine mara moja na wengine mara mbili. Hatuwezi kuwarudishia minazi. Tunaweza kufika na daftari, kufuatana nao kwa hatua zao hadi penye miembe, na kuuliza: "Hapa ni kwa nani?" Kisha tuliandike jibu kama lilivyo, bila ya kuligeuza kuwa la wakati uliopita.